Sikio la Kumsenga

Pelagia alipofika bombani asubuhi ile, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walivuta ndoo zao karibu na miguu, taratibu, bila kumtazama. Alisalimia, "Mwakeye!" na aliyeitikia alikuwa mmoja tu, tena kwa sauti ya mtu anayeumwa koo. Akatega ndoo yake mwisho wa foleni, akasubiri. Zamu yake ilipowadia, mwanamke wa nyuma yake alinyoosha mkono, akaisukuma ndoo ya Pelagia kando na kuweka yake chini ya bomba.

"Zamu ni yangu, dada," Pelagia alisema.

"Wewe si una mtambo kwako? Uambie ukuchotee."

Wengine walicheka. Wengine wakajifanya wanafunga kanga vizuri. Pelagia aliokota ndoo yake, akakaa pembeni mpaka wote walipoondoka, ndipo akachota. Njia nzima ya kupanda mlima alikuwa akijiambia kwamba hakulia, kwamba yale ni maji ya ndoo tu.

Ardhi ilikuwa imetikisika Jumapili, watu wakiwa misani. Haikuchukua muda hata wa kumaliza Baba Yetu. Madirisha ya kanisa yaligongana, vumbi likashuka darini, watu wakakimbilia nje wakiita watoto wao. Kijiji kizima cha Kumsenga hakikupoteza zaidi ya vyungu na sahani, isipokuwa nyumba moja: nyumba mpya ya Pasikali, kaka yake Pelagia, kule bondeni. Ukuta wote wa upande wa jikoni uliporomoka. Mkewe, Immakulata, aliyekuwa amebaki nyumbani na homa, alifukiwa mpaka kiunoni. Walimtoa akiwa hai, mfupa wa paja umevunjika, wakampeleka hospitali ya Kabanga, mbali, karibu na Kasulu.

Na kule juu mgongoni mwa mlima, kwenye kiwanja cha mawe alikoishi Pelagia na mumewe Venanti, hakikuanguka hata kijiko. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Nyuma ya nyumba ya Venanti kulikuwa na kitu kimezikwa. Watafiti wa miamba na matetemeko walikuja kiangazi kile cha mwaka 2014, wakiongozwa na binti wa Kasulu aitwaye Faudhia. Walizunguka kata nzima wakigonga mawe kwa nyundo, mwisho wakapapenda pale mgongoni, mahali ambapo jembe likipiga linarudi. Walichimba mpaka kwenye mwamba, wakateremsha pipa la plastiki, ndani ya pipa wakaweka chuma kizito cha mviringo chenye ukubwa wa sufuria ndogo, wakafunika, wakarudishia udongo. Juu wakasimamisha nguzo yenye paneli ya sola. Walieleza kwamba mashine ile inasikiliza ardhi, na kwamba kule ziwani na kule Kasulu zimezikwa nyingine kama hiyo. Kijiji kikaipa jina: Sikio. Ilikuwa utani, na Venanti, aliyepewa kazi ya kulilinda, aliucheka pamoja na wengine. Alipunguza majani yaliyotaka kulifunika, akafuta vumbi kwenye paneli kila asubuhi kwa kitambaa kisafi kuliko cha mezani kwake.

Utani uliisha siku ya tetemeko. Wengine walisema Sikio linavuta dhahabu kutoka chini, na ardhi ikitolewa kitu lazima iyumbe. Wengine walisema Venanti analipwa mamilioni. Ukweli ni kwamba malipo ya ulinzi yaliisha kwenye sabuni na sukari. Lakini nani angeuliza ukweli wakati maneno yanapendeza hivyo? Na walipochoka kuisema mashine, walimsema yeye. Wazazi wa Venanti walitoka Burundi. Uraia alikuwa nao, kaburi la baba yake lilikuwa Kumsenga, lakini kikitokea kitu, alikuwa mkimbizi tena.

Jioni hiyo Ininahazwe, binti yao wa kidato cha pili, alirudi kutoka shule akatupa begi.

"Siendi kesho."

"Kuna nini?" Pelagia aliuliza.

"Wananiita Tetemeko. Nikipita darasani wanashika madawati."

Venanti alikuwa akimenya muhogo. Hakunyanyua kichwa, lakini kisu kilisimama.

*

Mwenyekiti wa kijiji, Ildefonsi, hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwao mchana, akapewa kigoda, akakataa kukaa. Hapo Pelagia alijua kwamba habari aliyoileta haikuwa nzuri.

"Venanti, watu wamenielemea," alisema akiitazama nguzo ya sola badala ya kumtazama aliyekuwa akisema naye. "Jumamosi tuna mkutano. Tutaufanyia hapa hapa kwako, ili kila mtu aone. Wanataka hicho kitu king'olewe. Na Pasikali anataka wewe ubebe gharama za hospitali na za ukuta."

"Mwenyekiti, wewe ulikuwepo wakati wanakiweka. Ulikula nao wali."

"Nilikula, sikatai." Ildefonsi alikohoa. "Lakini wali haukunieleza kama nyumba zitaanguka. Vijana wamesema wasipopewa ruhusa watakuja wenyewe na majembe. Mimi siwezi kulala hapa mlangoni kwako."

Alipoondoka, Pelagia alifunga mlango wa uani, akamgeukia mumewe. Maneno yalikuwa yamemjaa tangu bombani.

"Tulitoe wenyewe. Leo. Tulifunge kwenye gunia, tuwarudishie wenyewe Kasulu."

"Oya," Venanti alisema. Alipokuwa amekasirika au ameumia, kukataa kwake kulitoka kwa lugha ya mama yake.

"Hapana nini? Kwa ajili ya chuma? Mtoto hataki shule! Kaka yangu hanisemeshi! Wewe unafuta vioo!"

"Pelagia, keti."

"Siketi."

Basi na yeye akasimama. Venanti hakuwa mrefu, na hakuwa msemaji. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta shilingi gizani.

"Tangu nizaliwe nimeomba," alisema. "Nimeomba shamba, nimeomba kibali cha kutoka kambini, nimeomba cheti cha uraia, hata wewe nilikuomba kwa kaka yako mpaka magoti yakaota sugu. Kila nilipoomba niliulizwa kwanza nimetoka wapi. Yule binti alikuja hapa, akauliza kama mwamba huu unafika chini. Nikamwambia unafika. Akaniuliza kama nitalilinda. Nikamwambia nitalinda. Hakuuliza kitu kingine." Akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya nyumba. "Nikiling'oa kwa sababu ya kuogopa kelele, nitakuwa nani humu ndani?"

Pelagia alikuwa ameolewa naye miaka yote hiyo, na hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mara moja. Hasira haikumwisha, ila ilibadilika sura. Aliingia jikoni, akabandika ndizi na maharage, nyingi kuliko za watu watatu.

"Unampikia nani?" Venanti aliuliza.

"Wifi yangu amelazwa. Kesho nakwenda Kabanga. Na nikitoka huko napita Kasulu kumtafuta huyo binti. Kama ni kulinda, na mwenye mali aje asimame tukimwona."

*

Basi la Kibondo lilimshusha Kabanga amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akaulizia wodi ya wanawake waliovunjika. Immakulata alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umefungwa uzito na kuning'inizwa. Pasikali alikuwa mlangoni. Alimwona dada yake akija na kapu kichwani, akajitanua mlangoni pale.

"Umetumwa kuangalia kama amekufa?"

"Kaka, nimeleta chakula. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Muulize mumeo. Yeye ndiye mwenye habari za chini ya ardhi."

Wagonjwa wa vitanda vya karibu waligeuza vichwa. Muuguzi aliyekuwa akipita na sinia la dawa alipunguza mwendo.

"Mwache aingie, Pasikali," Immakulata alisema kwa sauti dhaifu. "Nina njaa."

"Utakula vya kununua." Pasikali alichukua kapu kutoka mikononi mwa Pelagia. Kwa dakika moja Pelagia alidhani amelegea. Lakini alitoka nalo hadi barazani, akaliweka chini kwenye sakafu, karibu na ndoo ya kudekia, akarudi na kusimama mlangoni kama mwanzo. "Mimi sili kinachotoka kwenye nyumba ile. Nilikukataza usiolewe na mtu asiye na kwao. Ona sasa."

Kulikuwa na mengi ya kujibu. Pelagia alimtazama kaka yake, akaona jinsi macho yalivyomwingia ndani kwa kukosa usingizi, shati lile lile la Jumapili bado lina udongo wa ukuta begani. Akayameza maneno yake. Aliokota kapu, akampungia mkono Immakulata kwa mbali. Wodi ya pili kulikuwa na bibi mmoja asiye na mtu wa kumletea chakula. Pelagia aliketi kando yake, akamlisha ndizi zile mpaka chombo kikawa cheupe, wakati machozi aliyoyakataa kule bombani yakimtoka sasa bila aibu. Bibi yule hakumwuliza kitu. Alikula tu, akashukuru.

*

Duka la vitenge la Haidari, baba yake Faudhia, halikuwa gumu kulipata. Kasulu mjini kila mtu alilijua. Haidari mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, kofia ya kufuma kichwani, akipima kitambaa kwa mkono. Alipomwona Pelagia alikunjua tabasamu la biashara.

"Karibu mama, karibu. Kuna kitenge kimeingia jana, chenyewe kinaongea."

"Asante baba. Sikuja kununua. Namtafuta binti yako, Faudhia. Natoka Kumsenga."

Tabasamu lilipungua. "Nyie watu wa huko mna nini na mwanangu? Kila siku simu, kila siku safari. Mimi nilitaka nimfungulie duka la vipodozi hapo jirani, akae kivulini kama watoto wa wenzangu. Yeye akachagua mawe." Alilalamika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, lakini Pelagia aliona picha ukutani, juu ya kalenda, mahali ambapo mteja hawezi kuikwepa: Faudhia amevaa kofia ngumu ya njano juu ya ushungi, nyundo mkononi, nyuma yake jabali.

Faudhia alitoka chumba cha nyuma akiwa ameshika kalamu. Alimtambua Pelagia mara moja, akamwamkia kwa magoti kidogo, akamvutia kiti. Pelagia alimweleza yote: ukuta, mkutano, majembe, na jina walilompa mtoto wake. Alipomaliza aliuliza swali ambalo hakuwa amemwuliza hata mumewe.

"Mwanangu, niambie kweli. Kile kitu kinaleta tetemeko?"

Haidari aliguna kule kwenye kaunta. Faudhia hakucheka.

"Hakileti, mama. Kinasikia tu. Tetemeko la Jumapili lilianzia mbali, upande wa ziwa. Mashine ya hapa Kasulu ililisikia kabla ya yenu. Lakini hata wewe uliyelala nayo jirani umekuja kuniuliza. Wenzako nitawaambia nini waniamini?"

"Hilo sijui. Ninachojua ni kwamba ukikosa kuja Jumamosi, watamtukana mume wangu kwa kitu chako."

Maneno yale yalimchoma binti. Aliinamisha uso. "Ni makosa yangu. Tulipoweka, nilizungumza na ofisi zote, nikapata vibali vyote. Wanakijiji niliwapa wali." Akamtazama Pelagia. "Msiling'oe, mama. Kwa upande wetu ule wote wa juu, hilo ndilo limesikia vizuri kuliko yote, kwa sababu ya ule mwamba wenu. Tukijua ardhi inakatika wapi, tutajua pa kujenga shule, pa kujenga zahanati. Jumamosi nitafika, hata kwa miguu."

"Kwa miguu!" Haidari alisema. Aliingia nyuma ya duka, akatoka na funguo. "Utachukua pikipiki ya dukani. Na uvae makoti mawili, huko kuna baridi." Kisha, akiwa bado amenuna, alikata kipande cha kitenge kile kipya na kumwekea Pelagia kwenye kapu lililokuwa tupu. "Hiki si biashara, mama. Umesafiri mbali kumheshimu mwanangu."

*

Jumamosi uwanja wa Venanti ulijaa. Vijana walikuja na majembe begani, hawakuyaficha. Pasikali alikuwa ameteremka kutoka Kabanga siku ile ile, akakaa mbele. Wanawake wa bombani walikuwepo wote. Venanti alivaa shati lake la kanisani, akasimama kando ya nguzo ya sola, mikono nyuma.

Faudhia alifika mvua ikiwa imeshampiga njiani, matope yamempanda mpaka magotini. Alivua koti, akafuta miwani.

"Huyu ndiye mtaalamu?" mtu alisema nyuma. "Mtoto mdogo hivi?"

Alianza vibaya. Mwenyewe aliungama baadaye kwamba alianza kama aliyekuwa akifanya mtihani. Alieleza Bonde la Ufa na tawi lake la magharibi, matabaka ya miamba, nguvu zinazovuta bara upande huu na upande ule. Mzee mmoja alipiga miayo. Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kurudia kwa Kiswahili. Alipofika mahali pa kusema kwamba mashine kama ile zipo Kasulu, zipo ziwani, na zote zililisikia tetemeko, Pasikali alisimama.

"Mmesikia? Kumbe zipo nyingi! Ndiyo maana limekuwa kubwa!"

Uwanja ulipasuka kwa kelele. Ildefonsi aliita utulivu, hakuna aliyemsikia. Vijana wawili walisogea na majembe hadi kwenye kile kituta cha udongo nyuma ya nguzo, na Venanti akasogea pia, akasimama mbele yao. Alikuwa mfupi kuliko wao wote wawili.

Pelagia hakuwa amepanga kusema. Alijikuta katikati.

"Subirini!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Mnataka kuchimba, sawa. Mimi ndiye mwenye nyumba hii, na nasema kifunguliwe. Tangu kimezikwa, nani amewahi kuja hapa akasema Pelagia, nionyeshe? Bombani mmeninyima maji. Shuleni mtoto wangu anaitwa jina la balaa. Kabanga, chakula changu kimewekwa karibu na ndoo ya kudekia." Hakumtazama Pasikali, lakini kila mtu alimtazama. "Huyu mume wangu mnasema hana kwao. Alipewa kitu akilinde, akalinda, na majembe yenu yakiwa mbele ya uso wake amesimama. Mwenye kwao angefanya nini zaidi ya hapo? Venanti, fungua."

Venanti alipiga magoti. Alifukua udongo kwa mikono, akainua kifuniko. Watu wa mbele walirudi nyuma, wa nyuma wakasukuma mbele. Ildefonsi, kwa kuwa alikuwa mwenyekiti, ilimbidi achungulie kwanza.

"Ni hiki tu?" alisema, na ungedhani ameonewa. "Kama kisufuria!"

"Ni hicho tu," Pelagia alisema. Kisha akamgeukia Faudhia. "Mwanangu, achana na mabara. Toa ile kompyuta. Siku mnaweka uliniambia nirukeruke hapa kama mtoto mpaka kilemba kikadondoka. Waambie na hawa waruke."

Faudhia alimkodolea macho, halafu akacheka, na alipocheka aliacha kuwa mwanafunzi. Alitoa kompyuta kwenye mfuko wa plastiki, akachomeka waya kwenye kisanduku cha betri, akaiweka juu ya kigoda. Mstari mwembamba ulitokea, unatembea polepole, umenyooka.

"Mwenyekiti, tafadhali. Ruka."

"Mimi?"

"Ruka, mzee!" watu walidakia.

Ildefonsi alivuta suruali juu, akaruka kwa heshima zake zote. Mstari ule ulishtuka, ukapanda ukashuka, ukatulia. Watu wakasogea kuona. Akaruka tena, safari hii kwa nguvu. Mstari ukashtuka tena.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe, mzee."

Baada ya hapo hapakuwa na mkutano tena kwa muda. Wanawake waliruka kwa zamu, kisha kwa pamoja, wakishikana mabega. Yule aliyesukuma ndoo ya Pelagia aliruka mpaka akakaa chini, akipepea uso kwa kanga. "Kumbe ni sisi tunaolitikisa lenyewe!" alisema. "Masikini, tumelisingizia." Hata vijana waliweka majembe chini ili waruke vizuri. Ininahazwe alikuwa amepiga magoti kando ya kompyuta, na kila mtu aliyeruka ni yeye aliyemwonyesha alama yake kwa kidole, akisema kwa fahari ya mwenye mali: "Hii hapa ni yako. Hii ni yako."

Pasikali hakuruka. Alisubiri kelele zipungue.

"Sawa," alisema. Sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa na uchovu. "Nimeona. Halileti, linasikia. Sasa nieleze, binti. Kwa nini nyumba yangu ianguke na hii isimame? Yangu ni mpya. Hii ni ya miti na udongo. Mke wangu alikosa nini?"

Faudhia alikwenda akakaa kwenye jiwe mbele yake, ili wasiongee kama mwalimu na mwanafunzi.

"Pole sana, baba. Nyumba yako iko wapi?"

"Bondeni. Penye udongo mweusi."

"Ukiligonga sinia lenye uji na ukaligonga jiwe hili kwa nguvu ile ile, kipi kitachezacheza muda mrefu?"

Pasikali alifikiri. "Uji."

"Udongo wa bondeni ni mzuri kwa mihogo na maharage, lakini ardhi ikitikiswa unacheza kama uji. Na ukuta wa tofali mbichi hauwezi kucheza, unakatika. Hapa juu ni mwamba mtupu. Mkeo hakukosa kitu. Wala dada yako."

Hapo macho ya watu yalimrudia Pasikali. Kila mtu Kumsenga alijua nani aligawa mashamba ya marehemu baba yao, nani alichukua bonde lenye rutuba, na nani alisema kwamba mume wa kuja anatosha kupewa mawe. Pelagia angeweza kulisema. Lilikuwa limeiva ulimini. Alimwona kaka yake akitazama chini, na akaona hahitaji.

Ildefonsi alikohoa, akamwuliza Venanti kama ana la kusema.

"Niliambiwa nilinde," Venanti alisema. "Nimelinda." Akarudishia kifuniko, akaanza kusukuma udongo juu yake, na vijana wale wawili wakachukua majembe wakamsaidia.

*

Pasikali alikuja mvua zilipokwisha. Alikuja asubuhi, peke yake, akakaa kwenye kigoda bila kungoja kukaribishwa mara mbili. Alizungumza kwanza kuhusu bei ya maharage, kisha kuhusu magongo ya Immakulata, kisha tena kuhusu maharage. Pelagia alikuwa akichambua mchele, akamwacha azunguke.

"Fundi amesema," alisema mwishowe, "kule bondeni tukijenga tena ni kujidanganya. Nilime tu. Sasa nimeona upande ule wa chini wa mgongo, penye lile jabali jekundu. Hapana kitu pale." Alimgeukia Venanti, aliyekuwa akimenya muhogo kando. "Nilikuwa nataka kukuomba, shemeji."

Pelagia alisimamisha ungo. Tangu siku ya harusi yake, kaka yake hakuwahi kumwita Venanti kwa neno hilo. Alimwita huyo bwana, alimwita mwenzangu yule, alimwita mengine akiwa hayupo.

Venanti hakuharakisha. Pelagia alimjua; hakuwa akimtesa, alikuwa akilionja lile neno. Alifuta mikono, akasimama.

"Twende tukapaone," alisema. "Lakini msingi tuweke wa mawe, na juu ya kuta tufunge mbao pande zote. Yule binti alinichorea. Ukijenga kama ile ya mwanzo, sikupi."

"Nitajenga unavyosema."

"Basi twende."

Ujenzi ulianza Juni ya mwaka 2015. Mawe hayakuwa shida. Safari hii mawe ndiyo yaliyokuwa mali. Nusu ya kijiji ilikuja kusaidia kusomba, na Venanti ndiye aliyekuwa akiulizwa jiwe gani liende wapi. Haidari alimleta binti yake kwa gari la mzigo, akidai kwamba alikuwa na vitenge vya kupeleka Kibondo, akashinda pale kutwa akimweleza kila aliyemkaribia kwamba yule pale ndiye wa kwake. Immakulata alikaa kivulini, magongo yamelazwa kando, akiwagombeza mafundi.

Karibu na adhuhuri ardhi ilitikisika. Kidogo tu, kama lori zito linapopita barabarani. Mawe yaliyorundikwa yaligongana, kuku wakaruka. Watu walisimama palepale walipokuwa, na majiwe vichwani, wakitazamana. Pelagia alimtafuta mumewe kwa macho, akawatafuta watu wanaomtazama mumewe.

Hakuna aliyemtazama vibaya. Immakulata alikuwa amejiinua kwa gongo moja, shingo ameinyoosha kuelekea kule juu, kwenye nguzo ya sola.

"Pelagia!" aliita. "Wifi! Limesikia hilo?"

"Limesikia," Pelagia alijibu.

"Haya, ndugu zangu," Pasikali alisema, akipandisha jiwe begani, "limeshaandikwa hilo. Shemeji, hili liende wapi?"